Tabaka Lililojificha: Somo la Sauti Ndani ya Mwamba

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike somo la sayansi litakalowafaa wote, wa Kidato cha Pili asiogope na wa Kidato cha Sita asisinzie. Nimechagua habari ya sauti na safari yake katika matabaka ya mawe, hasa ndani ya shimo la kisima. Hiyo ndiyo kazi yangu, na katika kazi hiyo nilifanya kosa moja lililowatesa watu. Basi nitaeleza somo kwanza, kisha kosa, kisha dawa yake.

Baba yangu mdogo alikuwa mchimbaji wa shaba Kilembe. Mgodi ule ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese, na uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jioni alikuwa akituhadithia jinsi mchimbaji anavyoingia kazini. Kabla ya kufanya lolote hushika mtaimbo akagonga dari ya handaki. Jiwe zima hulia kama kengele. Jiwe lililoachana na wenzake hulia kama ngoma, na hapo mtu hakai. "Mwanangu," alikuwa akisema, "jiwe halisemi mpaka uligonge. Na likisema, uwe na masikio." Maneno hayo niliyasikia nikiwa mtoto, nikayasahau nikiwa mtu mzima mwenye cheti.

MWENDO WA SAUTI

Sauti ni mtikisiko unaopokezwa, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo ya maji. Ndoo hufika mwisho wa mstari, lakini kila mtu hubaki mahali pake. Hali kadhalika chembe za hewa, za maji au za jiwe hutikisika mahali pake tu, na mtikisiko ndio unaosafiri.

Katika hewa ya joto la digrii 20 sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Katika maji huenda mbio zaidi. Mwaka 1826 mabwana wawili, Colladon na Sturm, walipima jambo hili katika Ziwa la Geneva. Mmoja aligongesha kengele chini ya maji na kuwasha baruti wakati ule ule. Mwenziwe, akiwa mbali ndani ya mashua ya pili, aliona mwanga, akahesabu muda mpaka sauti ilipomfikia kwa njia ya maji. Walipata mita 1,435 hivi kwa sekunde. Katika mwamba mgumu, kama ile gnaisi ya Rwenzori, sauti yaweza kupita mita 5,000 kwa sekunde.

Mwanafunzi atauliza: jiwe ni zito, mbona sauti haichelewi? Swali zuri. Uzito kweli huchelewesha, lakini ugumu huharakisha, na katika mwamba ugumu umeuzidi uzito kwa mbali sana. Mchanga mkavu ni kinyume chake: chembe zake zimelala ovyo, hazishikani, na sauti ndani yake yaweza kwenda mita 400 tu kwa sekunde. Mchanga huo huo ukijaa maji, mwendo hupanda mpaka 1,500 au 1,800, kwa kuwa sasa maji yamejaza nafasi iliyokuwa ya hewa.

Kwa hiyo, tukijua mwendo wa sauti mahali fulani chini ya ardhi, twaweza kukisia ni kitu gani kilichopo. Nasema kukisia, maana vitu viwili vyaweza kuwa na mwendo mmoja. Hapo ndipo nilipoangukia mimi.

MATABAKA YETU

Mnaokaa Kasese mliyaona mafuriko ya mto Nyamwamba ya tarehe 1 Mei 2013. Mto uliposhuka kutoka Kilembe ulileta mawe makubwa kuliko ng'ombe, na maji yalipolegea yaliacha kokoto, kisha mchanga, kisha tope. Yale yaliyotokea mbele ya macho yetu kwa siku moja, mito ya Rwenzori imeyafanya kwa maelfu ya miaka. Kila mafuriko yameweka blanketi lake juu ya blanketi la zamani. Ndiyo maana ukichimba uwandani, kutoka Kasese mpaka upande wa Bwera, waweza kukuta mchanga, kisha mawe, kisha mchanga tena, na chini kabisa mwamba mama.

Angalieni neno hilo, "mchanga tena". Hakuna sheria inayosema kwamba kadiri tunavyoshuka ndivyo ardhi inavyozidi kuwa ngumu.

KIELELEZO

Kabla ya kupima chochote, mtu mwenye busara hutengeneza kielelezo, yaani picha ya hesabu. Huchora matabaka anayoyadhania, hulipa kila moja unene na mwendo wake, kisha huhesabu sauti ingechukua muda gani kupita. Kwa kuwa muda wenyewe ni mdogo sana, nitagawa sekunde moja katika sehemu 1,000, na kila sehemu nitaiita kipande. Hiki hapa kielelezo cha kisima nitakachowasimulia, hesabu zake nimezisawazisha ili zikae vizuri ubaoni:

Tabaka la kwanza: udongo na mchanga mkavu, unene mita 6, mwendo 400. Muda: vipande 15.

Tabaka la pili: mawe makubwa yaliyoshikamana kwa udongo mgumu, unene mita 12, mwendo 2,400. Muda: vipande 5.

Tabaka la tatu: mchanga uliojaa maji, unene mita 18, mwendo 1,800. Muda: vipande 10.

Tabaka la nne: mwamba mama, mwendo 5,000. Tulichimba humo mita 4 tu. Muda: kipande 0.8.

Kanuni ni ile mliyoisoma Kidato cha Kwanza: muda ni umbali kugawanya kwa mwendo. Jumlisheni, mtapata kwamba sauti ikishuka wima kutoka juu hufika mita 6 kwa vipande 15, mita 18 kwa vipande 20, mita 36 kwa vipande 30, na mita 40 kwa vipande 30.8. Tazameni ajabu yake: mita 6 za mwanzo zimekula karibu nusu ya muda wote! Mkigawanya mita 40 kwa muda wote mtapata wastani wa karibu mita 1,300 kwa sekunde, na katika kisima chote hakuna tabaka hata moja lenye mwendo huo. Wastani hauoni matabaka; huyachanganya yote katika chungu kimoja.

KOSA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa na wenzangu kupima mahali pa kisima katika kijiji kimoja cha barabara ya Bwera. Watu wa pale walikuwa wakichota maji mtoni, na mtoni kulikuwa na maradhi. Kwa kawaida watafutaji wa maji hupima kwa umeme, lakini chombo chetu cha umeme kilikuwa kimeharibika, nasi hatukutaka kungoja. Tukatumia nyundo.

Njia yenyewe ni hii. Wapanga vyombo vya kusikia mtikisiko, viitwavyo jiofoni, katika mstari juu ya ardhi. Wagonga bamba la chuma kwa nyundo kubwa mwisho wa mstari, na mashine huandika mtikisiko ulifika lini kwa kila jiofoni. Jiofoni za karibu husikia kwanza sauti iliyopita udongoni moja kwa moja. Jiofoni za mbali husikia kwanza sauti iliyozama mpaka kwenye tabaka gumu, ikatambaa juu yake kwa mbio, kisha ikapanda tena.

Mfano wake ni mtu anayekaa shambani, mbali na lami, naye anakwenda soko la Mpondwe. Kama soko li karibu, atakata mashambani kwa miguu. Kama li mbali, atapanda kwanza mpaka barabara ya lami, atapata gari, na ingawa njia yake ni ndefu atawahi kuliko yule wa miguu.

Mstari wangu ulikuwa wa mita 60. Mpaka mita 14 hivi nilipata mwendo wa 400. Baada ya hapo nilipata 2,400, nikahesabu kwamba tabaka hilo gumu linaanza mita 6 chini. Mpaka hapo hesabu ilikuwa sawa kabisa. Kosa lilikuwa katika maneno niliyoyaandika chini ya hesabu. Niliandika: "Mita 6, mwamba mama uliochakaa. Chini yake mwamba mzima. Hakuna haja ya kupita mita 14."

Mashine ikaja, ikachimba mita 14 ndani ya mawe makavu, ikasimama kama nilivyoagiza. Shimo halikutoa hata kikombe. Watu walikuwa wamechanga fedha zao. Tukafunga vyombo, tukaondoka, na wanawake wakarudi mtoni na madumu yao kwa muda wa mwaka mzima na zaidi.

KWA NINI SIKUSIKIA

Sasa, wanafunzi, hebu turudi kwenye barabara ya lami. Tuseme chini ya lami iko njia nyingine, nayo ni ya tope. Je, nani atatoka kwenye lami aingie kwenye tope ili awahi sokoni? Hakuna. Na sauti ndivyo ilivyo. Kila inapotoka tabaka la mwendo mdogo kuingia la mwendo mkubwa, hupinda ikaelekea kulala, na kwa pembe fulani hutambaa mpakani. Lakini ikitoka kwenye mawe ya 2,400 kuingia mchanga wa 1,800, hupinda kuelekea chini. Haitambai mpakani, na haileti habari yoyote ya kwanza kwenye jiofoni za juu. Mchanga wenye maji ulikuwa pale, unene mita 18, nami nilikuwa nimesimama juu yake bila kuusikia. Wataalamu huliita tabaka la namna hiyo tabaka lililojificha.

Je, kama mstari wangu ungalikuwa mrefu zaidi? Nilikuja kufanya hesabu hiyo baadaye. Katika kielelezo chetu, sauti ya mwamba mama ingeanza kutangulia kwenye umbali wa mita 128 hivi. Kwa mstari wa mita 200 ningaliiona, na ningalitambua kwamba 2,400 si mwamba mama. Lakini mchanga ungalibaki umejificha. Ningalidhani mawe yanaendelea mpaka chini, na hesabu ingalinipa mwamba kwenye mita 43 na nusu, hali uko kwenye mita 36. Mstari mrefu ungalipunguza kosa, wala usingaliliondoa. Kosa lenyewe lilikuwa katika dhana: hesabu ile hudhani kwamba kila tabaka la chini lina mwendo mkubwa kuliko la juu yake, nami nilikuwa nimesahau kwamba hiyo ni dhana tu.

KUTEREMSHA SIKIO

Aliyeokoa mambo hakuwa mimi. Alikuwa mzee mmoja fundi wa mashine ya kuchimba, ambaye alipita kijijini kwa kazi nyingine akaomba kuliona shimo lile. Alichukua mawe yaliyotolewa, akayageuza mkononi, akaniita. "Kijana," alisema, "mwamba mama hauna mawe ya mviringo. Haya yameviringishwa na mto. Na mto hauweki mawe peke yake."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimeona mawe yale yale, lakini nilikuwa nimeshika karatasi yangu.

Tukarudisha mashine. Kwenye mita 18 keekee, iliyokuwa ikilalamika, ilianza kushuka kama kisu ndani ya ndizi mbivu. Maji yalipanda shimoni mpaka mita 9 kutoka juu. Tukaendelea mpaka mwamba wa kweli kwenye mita 36, tukaingia mita 4 ili kuhakikisha.

Kabla ya kuweka pampu tuliteremsha jiofoni moja ndani ya shimo, ikabanwa ukutani kila baada ya mita 2, nasi tukagonga juu kwa nyundo. Hapa sauti haina nafasi ya kuchagua barabara. Lazima ipite kila tabaka mpaka kufika kwenye jiofoni, na tabaka lililojificha haliwezi kujificha tena. Ndani ya mawe, kila mita 2 ziliongeza karibu kipande 0.83. Ndani ya mchanga, kila mita 2 ziliongeza 1.11. Ndani ya mwamba mama, 0.4 tu.

Lakini hata shimoni umo udanganyifu wake, na yafaa mjue. Sauti hupita pia katika maji yaliyojaa shimo. Wimbi hilo hushuka polepole kuliko sauti katika maji ya wazi, kwa sababu kuta za shimo hutanuka kidogo linapopita, na nguvu zake zaweza kuwa kubwa kuliko za wimbi la mwambani. Asiyejua hulishika hilo kwa kuwa linaonekana sana. Anayejua hutafuta kwanza lile dogo lililotangulia. Pia, kama bomba la kisima halikubanwa vizuri na ardhi iliyolizunguka, jiofoni husikia habari za bomba badala ya habari za mwamba.

Hali kadhalika, mpakani mwa matabaka si sauti yote inayopita. Zidisheni mwendo kwa uzito wa mita moja ya ujazo. Mchanga wenye maji: 1,800 mara tani 2, ni 3,600. Mwamba mama: 5,000 mara tani 2.7, ni 13,500. Tofauti yake ni 9,900. Jumla yake ni 17,100. Gawanyeni, mtapata 0.58. Maana yake, kimo cha wimbi linalorudi ni 0.58 ya lile lililokwenda, na nguvu yake ni kama theluthi moja. Mwangwi huo hupanda shimoni na kuchanganyika na sauti inayoshuka, na kielelezo kizuri huuhesabu pia.

Hesabu hizi zimefikiriwa na watu wengi. Mwaka 1953 Norman Haskell, akiendeleza kazi ya William Thomson ya mwaka 1950, alionyesha namna ya kulifuata wimbi tabaka kwa tabaka kwa hesabu iliyopangwa. Mwaka 1952 Maurice Biot alichapisha hesabu za mawimbi ndani ya shimo la mviringo lililojaa maji. Siku hizi kompyuta huukata mwamba katika vipande vidogo vidogo na kuhesabu mtikisiko wa kila kimoja. Watafutaji wa mafuta hutegemea mambo haya haya. Bonde letu la Ufa lilichimbwa shimo la Waki karibu na Butiaba mwaka 1938, zaidi ya mita 1,200, na mwaka 2006 mafuta ya kutosha biashara yakathibitishwa huko Hoima. Lakini kompyuta kubwa kuliko zote, ukiipa dhana yangu ya siku ile, itakupa kosa langu lile lile, ila kwa haraka zaidi.

MWISHO WAKE

Kielelezo kilichosahihishwa na kisima kile kilitumika katika visima viwili vya jirani. Cha kwanza tulivuka mawe bila hofu, tukapata mchanga na maji. Cha pili tulivuka mawe, tukateremsha jiofoni, na hesabu ikaruka kutoka 0.83 mpaka 0.4, bila ile 1.11 katikati. Mwamba ulikuwa umekaa chini ya mawe moja kwa moja, wala haukuwa na nyufa za kutoa maji. Tukawaambia wazee siku ile ile wasitoe shilingi nyingine mahali pale. Hawakufurahi, lakini fedha zao zilibaki kwa mahali pengine.

Siku ya kufungua kisima cha kwanza nilikwenda nimejificha nyuma ya watu. Mama mmoja mzee alinitambua. Aliweka dumu lake chini, akaniuliza, "Mwanangu, mawe yalikudanganya, au wewe hukuyasikiliza?"

"Sikuyasikiliza, mama," nilimjibu.

"Basi wafundishe wenzako kusikiliza," akasema, akainama kuchota.

Ndugu wanafunzi, somo hili ni kutimiza agizo lake. Tengenezeni kielelezo, maana bila hicho hamtajua mnachokisikia. Lakini kando ya kila hesabu andikeni dhana zake, na pale hesabu na sikio zinapopingana msikimbilie kulaumu sikio. Huenda hapo ndipo palipojificha maji.

ZOEZI

1. Jiofoni iko mita 4 chini ya ardhi katika udongo wa mwendo 400. Nyundo inagongwa mita 3 kando ya shimo. Sauti itachukua vipande vingapi?

2. Kati ya mita 18 na mita 22 muda umeongezeka vipande 2. Mwendo wa hapo ni upi?

3. Katika kielelezo chetu, kwa nini wastani wa mita 36 za kwanza hauwezi kuonyesha kwamba kuna mchanga wenye maji?

Majibu: (1) Njia ya mshazari ni mita 5, kwa hiyo vipande 12.5. (2) Mita 2,000 kwa sekunde. (3) Wastani ni mita 1,200 kwa sekunde, na matabaka ya namna nyingi mbalimbali yaweza kutoa jumla hiyo hiyo ya vipande 30. Lazima kupima hatua kwa hatua.